Ami, natuma maombi ya kazi ng'ambo na hakuna anayenijibu

Ami, shikamoo.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi, umri miaka 31, naishi Mikindani na mke na mtoto mmoja. Nimesoma hapa hapa Mombasa: diploma ya miaka mitatu, mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, kisha nikafanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hadi nikapata gredi ya kwanza. Huu ni mwaka wa sita niko kwenye yadi moja ya makontena upande wa Changamwe. Kazi yangu ni rifa, makontena ya baridi yanayobeba samaki, nyama, maparachichi na dawa. Kontena likipiga kengele saa tisa za usiku, mimi ndiye ninayeamshwa.

Kazi naijua na naipenda. Mshahara ndio hautoshi. Nikishatoa kodi ya nyumba, karo na dawa za mama, katikati ya mwezi nimeshaanza kukopa. Kwa hiyo kila nikitoka zamu naingia kwenye simu kutafuta kazi za nje. Ujerumani, Kanada, Uingereza, Australia, popote nikiona wanataka fundi wa majokofu na viyoyozi, natuma. Natumia wasifu ule ule niliochapishiwa na kijana mmoja wa saiba mjini. Wengi hawajibu kabisa. Wachache huleta ile barua ya mashine ya kushukuru na kuaga. Kampuni moja ya Ujerumani iliniandikia swali moja: "Je, una kibali cha kufanya kazi hapa?" Nikajibu sina, lakini niko tayari kusafiri wakati wowote. Wakanyamaza hadi leo.

Sasa ushauri ninaopewa unanichanganya. Rafiki yangu anasema niandike kwenye wasifu anwani ya binamu yangu aliyeko Hamburg, ili wadhani niko huko huko. Kuna ajenti mwenye ofisi hapa mjini ananiambia kazi ya Kanada ipo, ya uhakika, nilipe shilingi 320,000, niingie kwa viza ya matembezi kisha ibadilishwe kuwa ya kazi nikishafika. Dada yangu yuko tayari kunikopea kwenye sacco yake, na mama ameanza kutaja kiwanja chetu cha Kwale. Mke wangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Na mwenzangu kazini ananishauri niache kazi kabisa nisome Kijerumani kutwa, kwa sababu Wajerumani wametaka Wakenya 250,000.

Kama wanatutaka kiasi hicho, Ami, mimi nina kasoro gani?

Fundi wa Rifa, Mikindani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo laki tatu na ishirini, maana kiwanja kikishauzwa mengine yote niyaandike ya nini. Usilipe. Dada yako asikope, na mkeo msikilize. Simjui huyo ajenti wala sitaki kumsingizia mtu, lakini maneno aliyokwambia nayajua yalikotoka. Mwezi wa Agosti 2020, wakati wa korona, Kanada ililegeza sheria yake kwa muda: aliyekuwa nchini humo kama mgeni, akipata mwajiri, aliruhusiwa kuomba kibali cha kazi bila kutoka nje. Ruhusa hiyo ilifutwa tarehe 28 Agosti 2024. Kwa hiyo anayekwambia leo "utabadilisha huko huko" anakuuzia kitu kilichokwisha kuondolewa dukani, na si yeye atakayesimama mbele ya afisa wa uhamiaji akiulizwa mtalii gani huyu aliyebeba vyeti vya ufundi na spana.

Ukitaka kumpima, mpime hivi. Muombe jina la kampuni yake kama lilivyo kwenye leseni, kisha ulitafute mwenyewe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo iko wazi mtandaoni. Picha ya leseni kwenye simu yake si kitu. Halafu muulize jina la mwajiri wa Kanada. Akisema ni siri mpaka utoe pesa, inuka uende zako. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Anayetafuta fundi ndiye anayepaswa kulipia kutafutiwa. Gharama zako wewe ni za pasipoti, mtihani wa lugha, tafsiri ya vyeti na viza, na kila moja unailipa kwenye ofisi inayohusika na kuondoka na risiti yake.

La Wakenya 250,000 nitalipita haraka. Makubaliano ya uhamiaji na ajira baina ya Kenya na Ujerumani yalitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwapo. Hayana idadi ndani yake. Takwimu hiyo ilipoenea kwenye vyombo vya habari, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilijitokeza kuikana. Makubaliano yapo na yana faida zake, lakini hayakumpunguzia mtu sharti hata moja la sheria yao ya kazi. Kwa hiyo usijione kama uliyeachwa nje ya karamu ambayo majirani wote wamealikwa.

Sasa tuje kwenye swali lako hasa. Mimi nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya waajiriwa ya kampuni moja ya uhandisi hapa Mombasa, na barua za maombi zilipita mikononi mwangu kwa marobota. Nitakwambia linalotokea upande wa pili wa meza. Msomaji hatafuti mtu hodari kwanza. Anatafuta sababu ya kupunguza rundo. Barua iliyotoka nchi nyingine inampa maswali mawili kabla hata hajafika kwenye ujuzi wako: hiki cheti ni sawa na kipi chetu, na sheria inaniruhusu kumleta mtu huyu? Asipoyaona majibu yake kwenye ukurasa wa kwanza, hatayatafuta. Ana barua nyingine chini yake.

Ile kampuni iliyokuuliza kuhusu kibali ndiyo iliyokupa nafasi nzuri kuliko zote, nawe ukaipoteza kwa sentensi moja. Kampuni za majokofu za Ujerumani nyingi si mashirika makubwa. Ni biashara ya familia: mwenye mali, mafundi kadhaa na magari yao, na mtu mmoja ofisini anayefanya mishahara, simu na ankara. Huyo mtu wa ofisini hajawahi kumleta fundi kutoka Afrika. Aliposoma "sina, lakini niko tayari kusafiri", alisikia kazi mpya ya makaratasi asiyoijua ikiangukia meza yake. Laiti ungemwandikia: kibali sina bado, lakini sheria yenu inanipa njia hii, masharti yake ni haya, nimetimiza haya na haya, limebaki hili, na upande wenu mtahitajika kufanya jambo moja. Hapo ungekuwa umemwondolea kazi badala ya kumwongezea.

Ili uweze kuandika hivyo, lazima uchague nchi moja. Huwezi kuzijua sheria za nchi nne ukiwa unafanya zamu za usiku. Uingereza imepandisha masharti: tangu tarehe 22 Julai 2025 kazi nyingi za viza ya ufundi zinatakiwa ziwe za kiwango cha digrii, mshahara wa kawaida wa chini ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi za chini ya hapo zimebakishiwa orodha fupi ya muda. Wala usimwandikie mwajiri wa huko kabla ya kumtafuta kwenye orodha ya serikali yao ya waajiri wenye leseni ya kuleta wageni; ni orodha ya bure na imo mtandaoni. Australia mafundi wanatafutwa kweli, lakini ufundi wako unapimwa kwanza na Trades Recognition Australia, na ukifika kuna leseni nyingine ya kushika gesi za majokofu. Ni njia ndefu na ya gharama. Kwa vyeti ulivyonitajia, na kwa kuwa una ndugu wa kukueleza maisha ya kule, mimi ningekaza uzi kwenye Ujerumani.

Huko kuna njia kadhaa, na watu hapa mjini wanaijua moja tu, ile kadi ya fursa, Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Unahesabiwa pointi na unahitaji sita. Wewe ungezipata: mbili kwa kuwa hujafika miaka 35, tatu kwa uzoefu wa miaka mitano ndani ya miaka saba iliyopita, na moja kwa Kijerumani cha A2, yaani ngazi ya pili kutoka chini. Lakini kadi hiyo ni ya kwenda kutafuta kazi, na lazima uonyeshe utakula nini. Kiwango cha 2025 kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, kwa mwaka mzima euro 13,092, karibu shilingi milioni mbili, zikiwa zimewekwa kwenye akaunti maalumu. Ukifika unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki huku ukitafuta. Kwa kijana asiye na familia na mwenye mjomba tajiri, sawa. Kwako wewe sioni maana yake.

Njia yako ni kupata mkataba ukiwa hapa hapa Mombasa, na zipo mbili zinazokufaa.

Ya kwanza ni kutambuliwa kwa cheti. Ufundi wako kule unaitwa Mechatroniker für Kältetechnik, mafunzo ya miaka mitatu na nusu, na kwa kawaida chama cha mafundi cha mkoa, Handwerkskammer, ndicho kinacholinganisha cheti cha mgeni na chao. Ada huwa kati ya euro 100 na 600, mbali na tafsiri. Usitarajie wakwambie ni sawa kabisa. Mara nyingi jibu huwa "sehemu", wakakutajia kilichopungua. Hilo lisikuvunje moyo. Tangu Machi 2024 sheria yao inaruhusu kitu kinachoitwa Anerkennungspartnerschaft: wewe na mwajiri mnaahidiana kwamba utakamilisha utambuzi huo ukiwa tayari unafanya kazi kwake. Unahitaji mkataba, mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya Kenya, na Kijerumani cha A2. Hapo unalipwa kama mfanyakazi tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni ya uzoefu. Mafunzo yale yale ya miaka miwili au zaidi, pamoja na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na unaweza kupewa viza bila cheti kulinganishwa kwanza. Sharti gumu ni mshahara: kwa mwaka 2025 ulikuwa angalau euro 43,470 kwa mwaka kabla ya makato, na kiwango hupanda, isipokuwa mwajiri awe amefungwa na mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi. Si kila kampuni ndogo itamlipa hivyo mtu asiyemjua. Iweke kama njia ya akiba.

Nikuongezee jambo dogo ambalo waajiri wengi wa huko hawalijui. Mwajiri anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwenye ofisi ya wageni ya mji wake kwa euro 411. Ukikamilika, ubalozi hutakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu. Liandike hilo mwishoni mwa barua yako ya maombi, kwa adabu, sentensi moja. Ndilo lile jambo moja analohitajika kufanya, na linampa picha kwamba mambo yana mwisho.

Umesema una diploma na gredi ya NITA. Kwenye barua tanguliza diploma, maana ndiyo inayobeba sharti la miaka miwili ya mafunzo. Wapo mafundi wetu wa jua kali wa Kongowea na Magongo wanaokushinda wewe kwa mikono, wenye gredi ya NITA bila mafunzo ya darasani, na sheria hii inawagonga usoni. Nalitaja kwa sababu najua utamwonyesha mwenzako barua hii.

Kabla hujatafsiri chochote, vipange vyeti vyote mezani pamoja na kitambulisho na pasipoti, usome majina herufi kwa herufi. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huu. Skuli waliandika Athman, kitambulisho kikasema Athumani, NITA wakabandika jina la babu. Hapa kila mtu anajua ni wewe. Kule ni watu watatu. Rekebisha sasa, kwa hati ya kiapo ya wakili au kwenye ofisi iliyotoa cheti, kabla ya kumlipa mfasiri kwa ukurasa.

Halafu barua ya mwajiri wako wa sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wa kwetu wanapojinyima. Barua zetu za sifa zinasema "ni mtu mwaminifu, mchapakazi, mcha Mungu, tunamtakia kila la heri". Mjerumani akisoma hivyo hajui kama wewe ni fundi au mlinzi wa lango. Wao wamezoea barua ya kazi inayotaja kazi yenyewe. Muombe msimamizi wako aandike umeanza lini, zamu zako, na unafanya nini hasa: ukaguzi wa PTI kabla ya kontena kutoka, mitambo gani kati ya Carrier, Thermo King, Daikin na Star Cool, gesi zipi kati ya R134a, R404A na R452A, umeme wa fezi tatu, kubadilisha kompresa, kutafuta uvujaji, kusoma kumbukumbu za joto kwenye kidhibiti, makontena ya maparachichi yanayodhibitiwa hewa. Msimamizi hana muda, kwa hiyo mpelekee rasimu uliyoiandika mwenyewe, akate na kuongeza. Usiweke ambacho hujakishika, maana kitaulizwa. Wala usingoje siku ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, lakini hicho kinataja tarehe na aina ya kazi tu, hakisemi unaweza nini.

Wasifu wa saiba uache. Naweza kuukisia bila kuuona: picha ya studio, dini, hali ya ndoa, "lengo langu maishani", wadhamini watatu, na mstari mmoja tu kuhusu kazi ya miaka sita. Andika kurasa mbili za jedwali, cha karibuni kikiwa juu, tarehe zikiwa na mwezi na mwaka, bila pengo lisiloelezwa. Ulikuwa nyumbani miezi minane baada ya chuo? Sema ulikuwa ukitafuta kazi. Ambatanisha vyeti vyote katika faili moja, si picha za simu zilizopinda zenye kivuli cha kidole.

Na hiyo anwani ya Hamburg, achana nayo. Mwajiri akiamini uko Hamburg atakuita kesho kutwa saa mbili asubuhi uje kuonana naye. Utamwambiaje? Na hata ukipata kisingizio, swali la kibali litafika palepale, na sasa wewe si fundi aliye mbali tena, wewe ni muongo. Uweke umbali wako juu kabisa, chini ya jina, kwa maneno machache ya Kijerumani yenye maana hii: "Naishi Mombasa, Kenya, na nitahitaji viza ya kazi. Nina diploma ya miaka mitatu inayotambuliwa na serikali na uzoefu wa miaka sita. Nimeomba cheti changu kilinganishwe. Nina Kijerumani cha A2. Naweza kuanza mara viza itakapotoka." Atakayekutupa kwa sababu ya mistari hiyo angekutupa tu baadaye, baada ya kukupotezea miezi. Binamu yako ana kazi nyingine ya maana zaidi: akusomee barua, na akutajie kampuni anazoziona njiani.

Kampuni zipi? Hapa sikubaliani kabisa na mtindo wako wa popote nikiona. Nafasi nyingi unazoona ni za mafundi wa supamaketi na viyoyozi vya majengo, na kwao rifa ni kitu cha kando. Elekeza macho kwenye bandari. Hamburg na Bremerhaven ni bandari za makontena, na Bremerhaven juu ya hayo ni mji wa samaki. Huko kuna yadi za kutengeneza rifa kama yako ya Changamwe, mitambo ile ile, kengele zile zile za usiku. Mtu wa huko akisoma PTI na Star Cool hahitaji mkalimani. Waandikie hata kama hawajatangaza nafasi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini agaegae kwenye upwa wenye samaki.

Ukiandikia kampuni za supamaketi na majengo, jua kwamba Ulaya inaziondoa gesi za zamani. Sheria yao mpya ya gesi hizo, ya mwaka 2024, inalenga kuzifikisha sifuri ifikapo 2050, na anayeshika mitambo hiyo lazima awe na cheti cha Ulaya. Cheti hicho utakipata kule, hakuna anayetarajia uwe nacho. Wanachotarajia ni kwamba umesikia habari zake. Mtu wa Mombasa anayeandika "najua nitahitaji cheti cha gesi, na nimeanza kujisomea mitambo ya kaboni dioksidi na propani" anasomwa mara ya pili.

Kijerumani. Usiache kazi kwa ajili yake. Mshahara wako ndio unaolipa ada ya masomo, na kila mwezi unaokaa kazini unaingia kwenye hesabu ya uzoefu. Ukiacha, unalianzisha lile pengo nililokukataza. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani ya kufundisha lugha yao, hukadiria masomo 200 hadi 350 ya dakika 45 kufika A2 tangu mwanzo, kwa hiyo ukisoma saa moja na nusu kwa siku, hata zamu zikikuvuruga, ndani ya mwaka unafika. Tafuta mwalimu anayekutayarisha kwa mtihani. Nasema hivyo kwa sababu pwani yetu imejaa wazee wa Bamburi na Diani waliojifunza Kijerumani kwa watalii, wanaotaniana na Mjerumani hadi akalia kwa kicheko, na ukimpa kalamu aandike barua ya mistari mitano anatafuta miwani. Kaa nao ujizoeze kusikia na kusema, ni hazina ya bure. Lakini mtihani una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na sehemu zote nne zinahesabiwa. Ongeza maneno ya kazi yako mwenyewe, kompresa, uvujaji, shinikizo, fezi, ambayo hakuna kitabu cha A2 kitakachokufundisha.

Ukiitwa kwenye mahojiano kwa video, angalia saa: Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, na watu wanakosa mahojiano kwa ajili ya hiyo saa moja. Tena wao wakisema saa nne ni saa nne ya mzungu. Usiyafanyie yadini kwenye kelele za winchi. Watakuuliza jambo kama hili: kontena lililopangwa nyuzi 18 chini ya sifuri linaonyesha nyuzi 5 chini na linapanda, unaanza wapi? Usikimbilie kusema gesi imepungua. Sema unaangalia nini kwanza, nini cha pili, na kwa nini. Umeme, feni, barafu kwenye koili, milango, ndipo shinikizo. Hapo ndipo wanapomwona fundi hata kama Kijerumani chake kinachechemea. Usichokijua, sema hukijui. Na wakitaja mshahara, uliza ni kabla au baada ya makato, kwa sababu kodi na bima za kule hukata sehemu kubwa, na kodi ya nyumba ya Hamburg si ya Mikindani.

Kampuni iliyokuuliza kuhusu kibali usiitupe. Waandikie tena, leo ikiwezekana, barua fupi: kwamba mwanzo ulijibu vibaya, kwamba sasa unajua njia ya kisheria inayokuhusu, na kwamba utawaletea ulinganisho wa cheti na matokeo ya A2 vikitoka. Usiwaombe chochote katika barua hiyo. Vikitoka, watumie kweli.